Mpiga Hodi Hemani

Jeshini sikusifika kwa bunduki. Nilisifika kwa kuwachekesha watu. Katika miaka ya sabini, vita vilipokuwa kusini mwa Oman, sisi tuliotoka Unguja tulikuwa wageni bado nchini, Kiarabu chetu cha kuokoteza, na jeshi ndilo lililotupokea. Mkubwa wangu aligundua kuwa naweza kumuigiza mtu yeyote, sauti na mwendo. Akanitoa kwenye doria, akanipa mpiga udi, mpiga ngoma na lori. Tukazunguka kambi kwa kambi, tukipanda juu ya masanduku matupu ya risasi kuwapa askari nyimbo na vichekesho. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Kichekesho kilichonipa jina nilikiiba kwa mwenzangu. Tulikuja pamoja kutoka Unguja na tukilala hema moja. Yule bwana alilelewa akaleleka: hakuweza kuingia mahali bila ya kupiga hodi. Hema halina mlango wala ukuta wa kugonga, lakini yeye atasimama nje na mzigo wake begani, atakohoa kidogo, kisha, "Hodi! Hodi wenyewe!" Asipojibiwa haingii. Siku moja makombora yanaanguka bondeni, kila mtu kajitupa handakini, yeye kasimama ukingoni kainamisha kichwa, anapiga hodi. Tulimvuta kwa mkanda.

Nani angekiacha kitu kama kile? Wiki ile ile nilikipandisha jukwaani. Mpiga ngoma anapiga mizinga, mimi nimesimama kwa adabu nje ya handaki la kujifanya, nakohoa, napiga hodi kwa sauti yake ya puani, nangoja. Askari wasiojua neno moja la Kiswahili walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Baada ya hapo kila alipopita kambini akipigiwa hodi yeye, kwenye foleni ya chakula, chooni, hata akitoka kusali. Aliniomba mara moja tu.

"Kaka, kiwache kile," alinambia. "Watu hawasemi na mie tena neno jengine."

Nikamjibu kuwa huo ni mzaha tu, asiwe na moyo mwepesi. Jioni yake nikakifanya tena, naye amekaa safu ya mbele.

Akaomba kuhamishwa. Walimpeleka kituo kidogo juu ya mlima, penye watu wachache, na huko ndiko alikouliwa, hata mwezi haujatimia. Nilijua alikuwa amekimbia nini. Sikumwambia mtu.

Utadhani nilikitupa kichekesho kile. Wapi! Nilipostaafu nilihamia Nizwa, nikapata kazi ya kuangalia ghala la idara moja ya serikali, na miaka ya tisini ilipoingia tukaunda kikundi cha michezo ya kuigiza: walimu wawili, fundi umeme, karani wa hospitali, na mimi mzee wao. Wakataka kitu cha kuchekesha kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Nikawapa kile kile, ila handaki nililigeuza nyumba ya mkwe. Nizwa walicheka, Sur walicheka. Kila nikimaliza niliapa kuwa ndiyo mwisho, na kila nikialikwa tena nilikwenda. Sina wa kumsingizia.

Idi moja tulicheza Ibra, katika ukumbi wa skuli. Wiki iliyofuata bwana mmoja wa huko alinipigia simu kazini. Alisema kwa Kiswahili kuwa siku ile mkewe alikaa upande wa wanawake na kinasa sauti mkobani, kwa sababu mama yake sukari imeshamla macho, na burudani yake sasa ni kusikiliza.

"Bi mkubwa kaisikiliza ile kaseti, na tokea hapo haachi kulia," alisema. "Anasema wallahi ile sauti ya mwanawe. Tafadhali njoo, hata saa moja tu."

Akanitajia jina la huyo mwana. Nikakaa kitako juu ya gunia, nikamjibu kuwa tulilala hema moja jeshini, na kwamba nitakuja.

Nilitoka Nizwa asubuhi. Pale Bidbid, njia ya Ibra inapochepuka, nilisimamisha gari nikanunua chai, nikainywa nusu saa nzima. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kila kitu. Nilikuwa naogopa, tena sana.

Nilimkuta bi mkubwa amekaa juu ya godoro, mdogo wa mwili, kahawa na tende mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa karibu yangu." Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. "Mie n'liletewa barua moja ya serikali, kuwa kafia kituo cha mlimani, basi, khalas. Miaka yote hii hapana mtu aliyenambia kitu juu yake. Weye umenirejeshea hata kile kikohozi chake."

Nikafungua mdomo. Binti yake akabonyeza kitufe cha redio ya kaseti, na mwenzangu akapiga hodi, mzima kabisa. Kisha ukumbi ukaangua kicheko. Sikuwahi kukisikiliza kicheko kile nikiwa nimekaa chini. Kilikuwa kirefu, hakikutaka kwisha.

Bibi akanigeuzia uso. "Na kule jeshini, walikuwa wakicheka hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"N'nani hao?"

Yale maneno niliyoyapanga njia nzima nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama, nikashindwa.

"Rafiki zake," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Kila siku nikijiuliza kwa nini kafia mbali na wenziwe. Kumbe alikuwa akipendwa. Hebu nambie, walikuwa watu gani?"

Nikambunia mmoja, mtu wa Sur, mnene, asiyeweza kukaa kimya. Nikamfanyia na sauti yake. Bibi akacheka, akataka nirudi.

Nilirudi kwa miaka, mpaka miaka ya elfu mbili ikatukuta pale pale godoroni, na kila safari nilimletea mwengine: mpishi mkali, dereva mwenye kigugumizi, kijana wa mlimani aliyeimba vibaya. Sijapata kuigiza vizuri kama nilivyoigiza mle chumbani. Alifariki akiwajua wote kwa sauti zao, akiwaombea dua mmoja mmoja. Mwanawe hakuwa na hata mmoja wao. Alikuwa na mimi tu.