Kura ya Mstari

Msimu wa kampeni ukianza, Vingunguti hunukia pilau kabla ya kunukia sera. Juzi harufu hiyo, bizari na vitunguu vilivyoungua kidogo, ilipenya tena dirishani kwangu, huku kipaza sauti kikituahidi maji. Maji yaleyale. Nimesomea siasa chuo kikuu, na ujuzi wote huo ulinisaidia kufunga dirisha.

Pilau ya kura niliila kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu. Baba, fundi cherehani, alitaka uenyekiti wa mtaa, na kabla ya kukutana na vyama vingine ilimbidi ashinde kura za maoni ndani ya chama chake. Mshindani wake alikuwa Mzee Kindamba, mwenye kisima tulichochotea sote. Mama aliwauzia chakula wafanyakazi wa machinjio. Bila ndoo zake za alfajiri hakukuwa na wali wala maharage, na sisi watoto wanne tusingeiona shule. Hata ile pilau aliipika kwa maji ya Mzee Kindamba.

Wanachama walikula wakalamba vidole. "Fundi, sie wa kwako," walisema. "Yule mzee hata salamu anabana, ataachia barabara?" Nilihesabu sahani, nikamtangaza baba mshindi. Wachambuzi ninaowasikia redioni siku hizi hawanizidi sana.

Jumapili ya kura tulikwenda uwanja wa shule. Nilitegemea kuona karatasi na sanduku. Katibu wa tawi akawasimamisha wagombea mbele, akaagiza kila mwanachama ajipange nyuma ya amtakaye. "Sie ndugu, tufichane nini?" alisema. Baba alisimama akitazama mbele, kwa adabu. Mzee Kindamba aliugeuza mwili mzima, akawa anamtazama usoni kila anayekuja. Kisima kilimsemea.

Watu walisogea macho chini, kama waliodondosha sindano mchangani. Nyuma ya baba walisimama kumi na mmoja. Walaji wengine wote walikwenda upande wa pili, na katikati yao nikamwona mama, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi.

"He! Mama Asha, hata wewe?" mtu alipaza sauti. "Pilau kwa mume, kura kwa jirani!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Baba naye alicheka. Nilimchukia kwa kucheka kwake, na mama nilimchukia zaidi. Wiki nzima sikusema naye, nikasusa na chakula chake, isipokuwa chapati.

Kesho yake alfajiri ndoo za mama zilijazwa mapema. Wale kumi na mmoja waliambiwa kamba ya kisima imekatika. Ilibaki imekatika siku nyingi.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nimeshaandika na insha ndefu kuhusu demokrasia ndani ya vyama, ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza mama. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Baba yako ndiye aliyenituma kule," alisema. "Katibu alishamwambia kura itakuwa ya mistari. Akaniambia, mie nikishindwa, cherehani ninayo. Wewe ukinyimwa maji, watoto watakula nini?"

"Na angekuachia uchague mwenyewe?"

"Ningesimama kwake." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Alijua. Ndiyo maana aliniwahi."

Siku hizi napiga kura ndani ya kituturi, ile kona ya boksi isiyozidi upana wa mabega yangu. Karatasi nikiitazama, majina yananichosha. Wengine nimewasikia wakiahidi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kalamu inabaki hewani. Foleni inanung'unika, na mwaka uliopita karani alichungulia kutokea mezani kwake akauliza, "Mama, umelala humo?"

Sikuwa nimelala. Hapo ndani hakuna anayeniona, hata mume wangu. Mama yangu alihitaji kona ya namna hiyo kwa dakika moja tu, ili asimame kwa mumewe.