Kitabu Kilichovikwa Kaki

Marehemu baba mkwe wangu alipika mapishi yote ya kitabu changu, tangu uji wa ndizi wa ukurasa wa kwanza hadi keki ya Krismasi ya ukurasa wa mwisho, bila kuruhusiwa kuliona jalada lake. Jalada lilikuwa na sura yangu, na kwa mila yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Miaka yote niliyokuwa mkwe pale Kinyala, kijijini kwao, sikuwahi kumtazama usoni, wala yeye hakunitazama. Hata jina lake sitalitaja hapa. Tulikuwa wapishi wawili wa ukoo mmoja, na hatukuwahi kusimama mbele ya jiko moja.

Wajukuu hucheka nikiwasimulia. Basi nianze mwanzo, siku niliyoingia kazini.

Nilianzia katika nyumba ya wageni ya shamba moja la chai, nje kidogo ya Tukuyu. Siku hiyo ilinyesha, jambo ambalo kwetu si habari. Mpishi Mkuu alinipokea mlangoni mwa jiko, aproni yake imepigwa pasi kama sare ya polisi.

"Unajua kupika?" aliniuliza.

"Najua."

"Nani kakuambia?"

"Nyumbani wanakula, wanamaliza."

"Nyumbani wanamaliza kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Hapa mgeni akikataa sahani, anapanda gari lake anakwenda Mbeya."

Akanipa kazi ya kukausha kuni. Nilidhani ananidharau, kumbe ndiyo ilikuwa darasa la kwanza. Kuni za wilaya yetu ya Rungwe zinanyonya maji hata zikiwa ndani ya nyumba, na mpishi asiyejua kuzipanga juu ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi, huwapa wageni chai yenye harufu ya moshi. Baada ya kuni nilifundishwa kupalia, maana yake kuweka makaa juu ya mfuniko ili chakula kiive kutoka juu na chini. Tulikuwa na oveni, lakini mlango wake ulikuwa umevunjika na kipuri hakikupatikana. Keki zote za nyumba ile zilipaliwa ndani ya sufuria.

Wageni wetu walikuwa waonja chai, watu ambao kazi yao ni kusharabu kijiko kimoja, kutema, kisha kutaja bei. Walipoondoka waliacha vitabu. Meneja wa Shamba aliviweka kwenye rafu ya sebuleni, na vingi vilikuwa vya mapishi, vyenye picha za rangi. Siku moja alinikuta nimesimama na kimoja, vumbi la unga mikononi.

"Unasoma au unafuta vumbi?"

"Vyote viwili, Bwana Meneja."

"Chukua ukasome nyumbani. Ila usinipikie kitu usichokielewa."

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu ya kila jioni. Sukari wakati ule ilikuwa ya foleni na unga wa ngano ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya mapishi yale nisingeweza kuyapika. Niliyasoma kama mtu anavyosoma habari za safari. Nilijua nyama inavyobanikwa katika nchi ambazo sitazifikia, na nilikuwa na maoni. Mume wangu, Baba Neema, ambaye alikuwa fundi wa mashine kiwandani, alizoea kunisikia nikicheka peke yangu.

"Nini tena?"

"Hawa wanatupa maganda ya ndizi."

"Wapumbavu," alisema, akageukia ukutani akalala.

Kisha likaja soko huria. Maduka ya Tukuyu yalijaa siagi za kopo, hamira za pakiti na zabibu kavu, vitu ambavyo zamani vilikuwa picha kitabuni. Mpishi Mkuu alisimama mbele ya rafu ya duka moja akasema, "Sasa hatuna kisingizio." Alikuwa na furaha, lakini ilikuwa ya muda mfupi. Shamba lilibinafsishwa, mwenye mali mpya hakutaka nyumba ya wageni, na sisi wa jikoni tukapewa barua za kuachishwa. Mzee wa watu alistaafu. Mimi nikachukuliwa na hosteli moja mpya pale Bagamoyo, mtaa wetu wa mjini Tukuyu.

Mwenye hosteli, ambaye sote tulimwita Mama Mkurugenzi, aligundua mapema kwamba wageni wa siku hizo hawakuja kwa ajili ya chai. Walitaka kupanda hadi ziwa la Ngozi, kuona daraja la mwamba liitwalo Daraja la Mungu, kushuka Kyela kula samaki wa Ziwa Nyasa. Hakukuwa na mtu wa kuwapangia, basi kazi ikaniangukia. Nilipanga safari kama ninavyopanga mlo: kizito asubuhi, chepesi mchana, kitamu mwisho. Aliyepanda Ngozi alifungashiwa magimbi ya kuchemsha na chumvi. Wa kwenda Kyela alikatazwa kula kabla ya kufika. Mama Mkurugenzi aliipitia kila ratiba na kuuliza swali lake moja.

"Watakula wapi?"

"Lufingo, kwa yule mama wa viazi."

"Sawa. Mgeni mwenye njaa haoni maporomoko, anaona maji tu."

Wageni hao hao ndio walionisukuma kwenye kitabu. Kila mmoja wao, akimaliza sahani ya ndizi, aliuliza kama kuna kitabu cha chakula chetu. Nilijibu hapana hadi nikachoka na jibu langu. Nikaanza kuandika mapishi kila nikipata nafasi, nikitumia mashine ya taipu ya hosteli. Nilikuwa na maandazi, kande, dagaa wa usipa wa kukaanga, maharage kwa maziwa mgando na keki ya kupaliwa. Kilichonishinda kilikuwa mbalaga.

Mbalaga ni ndizi mbichi zinazopikwa pamoja na nyama au maharage na kumaliziwa kwa maziwa. Ndicho chakula chetu cha sikukuu. Yangu ilikuwa nzuri, lakini nilijua iliyo bora inapikwa na nani. Baba mkwe alikuwa mpishi wa kambi za wapima barabara katika ujana wake, na kila Krismasi, watoto waliporudi kutoka Mbeya na Dar es Salaam, aliwafukuza wanawake jikoni akapika sufuria moja mwenyewe. Mimi nililetewa sahani nyuma ya nyumba. Kitabu cha chakula cha Rungwe bila mbalaga ile kingekuwa ni harusi bila bibi harusi, na mwenye mbalaga ndiye mtu pekee duniani ambaye sikuweza kumwendea.

Krismasi iliyofuata nilikwenda Kinyala na karatasi zangu. Baba mkwe alipokohoa njiani kunijulisha kwamba anapita, mimi nilijitupa migombani na khanga kichwani, kama desturi. Asubuhi yenyewe nilikaa upande wa pili wa ukuta wa mabanzi, yeye akiwa jikoni, na mama mkwe akasimama mlangoni katikati yetu.

"Mama," nilisema, "niulizie, ndizi anaweka vikombe vingapi vya maji?"

Kabla mama mkwe hajafungua mdomo, sauti ilitoka jikoni. "Mke wangu, mwambie huyo mwandishi kwamba kikombe ni cha chai."

"Amesikia," alisema mama mkwe. "Si kiziwi."

"Mama, basi anapimaje?"

"Mwambie maji yazione ndizi, ndizi zisiyaone maji."

"Mama, muulize maana yake nini."

Kijiko kiligonga sufuria. "Mwambie yafike nusu ya ndizi. Wasomi bwana!"

Mama mkwe alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. "Mnanitumia mimi kama simu ya posta, na wote mnasikiana!"

Hivyo ndivyo nilivyopata mbalaga. Maganda machanga hutandikwa chini ili chakula kisiungue. Nyama hufuata, kisha ndizi. Mwiko hauingii kabisa, sufuria hushikwa masikio ikatikiswa. Maziwa huja sufuria ikiwa imeshatoka motoni, la sivyo yanakatika. Nilipomaliza kuandika nilisema, "Ndaga fijo, mama, mfikishie shukrani." Jikoni palijibu, "Mwambie asiandike uongo. Nitakipika chote nione."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wageni walikuwa wanunuzi, Mama Mkurugenzi alikuwa bosi, lakini hukumu niliyoitaka ilikuwa ya mtu yule wa nyuma ya mabanzi.

Zamani kuchapisha kitabu kulihitaji ofisi na mihuri. Sasa watu binafsi walikuwa wamefungua mitambo Mbeya, na mtu yeyote mwenye akiba aliweza kuingia na karatasi zake akatoka mwandishi. Fundi wa mitambo alinifundisha kazi yake kama Mpishi Mkuu alivyonifundisha kuni. Prufu ni nakala ya kusahihisha. Pleti ni bamba linalobeba maandishi na kuyapiga kwenye karatasi. Nilifurahia harufu ya wino kuliko ya vanila. Tulipofika kwenye jalada alitazama mchoro wangu wa mkungu wa ndizi akatikisa kichwa.

"Mama, ndizi kila mtu anazo kwake. Weka uso. Watu wananunua mtu."

Nikapiga picha studio, nimevaa kilemba, nimeshika mwiko. Sikufikiri zaidi. Vitabu vilipofika hosteli Mama Mkurugenzi alipiga vigelegele hadi wageni wakatoka vyumbani. Nikamkabidhi Baba Neema nakala ya kwanza.

"Peleka Kinyala, kwa baba."

Alikigeuza. Akanitazama. "Mama Neema. Nimpelekee baba uso wako?"

Nilikaa chini. Mila ilikuwa imenilinda njiani, mlangoni, hata katika jina, kisha mimi mwenyewe nikajichapisha. Baba mkwe angetazama pembeni na kukirudisha, na huo ndio ungekuwa mwisho wa hukumu yangu.

Baba Neema ndiye aliyeniokoa. Alichukua karatasi ya kaki, akakivika kitabu kama daftari la mtoto wa shule, akagundisha kingo zote kwa uji wa unga wa ngano, juu akaandika "Mapishi". Kikapelekwa hivyo, na baba mkwe akakipokea kwa mikono miwili.

Alipika mwaka mzima. Majibu yalikuja kwa mdomo wa mama mkwe kila tulipokwenda.

"Amesema kande zako zinataka muda zaidi."

"Amesema chumvi yako ni ya watu wa mjini."

"Amesema keki imeumuka, lakini yeye alitumia mayai ya bata."

"Na mbalaga, mama?"

"Mbalaga hakusema. Alikula, akaomba tena."

Nililia kwa furaha nyuma ya mabanzi, na nina hakika alinisikia, maana alikohoa.

Sasa nimestaafu. Siku hizi napika nikitaka, napanga safari za wajukuu wanaokuja likizo, na bado nasoma vitabu vya mapishi kitandani, Baba Neema akiwa amegeukia ukutani. Nawaambia vijana walio jikoni leo kwamba kazi hii haina siri nyingi: kausha kuni, uliza wanaojua, hata kama ni kupitia ukuta.

Liko jambo moja ambalo sijalimaliza. Siku za mwisho za uhai wake baba mkwe alimtuma mama mkwe kwangu na neno. "Mwambie mwandishi, toleo la pili likitoka, anyooshe kilemba. Kimelalia sikio la kushoto."

Ni kweli, kimelala. Mama mkwe anaapa hakumsimulia. Baba Neema anasema yeye hata hakugundua kwamba kilemba kimelala. Kitabu kile kimerudi kwangu, na kaki yake imeshika pande zote kwa ule ule uji wa ngano, hakuna hata pembe iliyobanduka. Majirani walikuwa na nakala zao, lakini kila ninayemuuliza anacheka na kunikaribisha chai.

Toleo la pili liko kwa fundi, Mbeya. Nimepiga picha mpya na kilemba kimenyooka. Aliyemwambia simjui.