Kikombe cha Saa Mbili Asubuhi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubandua lebo. Nilirudi kutoka India na makopo manne ya vidonge, nikakaa jikoni kwangu Themi, huku mjini, nikayaloweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka karatasi zikatoka, kwa sababu ziliandikwa kwamba hizi ni vitamini za watu waliokatwa tumbo ili wapungue. Sikutaka mtu asome. Watu nilikuwa nimewaaga kwamba nafuata vyombo vya duka, na vyombo kweli nilileta, masufuria na chupa za chai, maana tangu biashara ifunguliwe kila mwenye pasipoti alikuwa anafuata kitu mahali.

Tumbo nilikatwa kwa sababu ya magoti na sukari. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na si uongo. Lakini unaanzaje kumweleza mtu wa kwetu, kule juu mlimani Meru, kwamba umelipa ukatwe tumbo ili usishibe? Mama alitulea kwa makande na ndizi, miaka mingine ndizi peke yake, na unene wangu ndio uliokuwa fahari yake kanisani. Mwanangu anakula, ndivyo alivyokuwa akiwaambia wenzake.

Daktari wa kule alinieleza mara tatu, kama anayemwelekeza mlevi njia. Tumbo hili halitachukua tena kila kitu kutoka kwenye chakula, kwa hiyo vidonge ni vya kila siku mpaka siku ya kuzikwa. Cha madini ya chuma asubuhi, na maji, si na chai. Cha kalsiamu jioni. Nikaitikia. Mimi huitikia haraka nikitaka mtu anyamaze.

Nikapungua. Wee, nilipungua! Magauni yakaning'inia, mashavu yakaingia ndani. Na ilikuwa miaka ile ambayo mtu hapungui bure. Dawa za kurefusha maisha ndiyo kwanza zimeanza kutolewa hospitalini, na mji mzima ulijua kwamba wanaozitumia hubandua lebo na kuzimeza kwa kujificha. Jirani yangu muuza ndoo akaniona nimeinama chini ya kaunta namimina kidonge kutoka kwenye kopo jeupe lisilo na maandishi. Akanipa pole. Kesho yake akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu ashughulike na ndoo zake. Sikumkanusha. Nilipima nikaona afadhali wadhani naumwa kuliko wajue, na hadi leo sijui ilikuwa akili gani ile.

Ila vidonge nikaacha, nijiepushe na macho. Sikuacha kwa siku moja. Niliruka Jumatatu, nikaruka wiki, mwaka ukapita. Sikujisikia vibaya. Kusema kweli sikujisikia chochote. Nilikula vijiko vitano, nikafunga duka, nikalala. Harusini nilikwenda, msibani nilikwenda, kote nilikaa vilevile.

Kisha ikaja zamu ya miguu. Ganzi ilianza vidoleni ikapanda hadi kwenye vifundo. Jioni moja nilitoka dukani nikafika nyumbani na kandambili moja, nyingine ilichomoka njiani nisijue. Niligundua mlangoni, nilipoangalia chini.

Nikaenda kwa daktari hapa mjini, nikamweleza ukweli wote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kwetu. Akanichoma sindano za vitamini na kunifokea. Alisema mishipa ya fahamu imekufa njaa, na nikiviacha tena vidonge huenda nisitembee. Nikaitikia.

Habari za kupungua kwangu zilikuwa zimeshapanda mlima. Mama akashuka na begi lake na mkungu wa ndizi za kupikia supu ya mtori. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama ninavyoburuza miguu, akauliza dawa zangu ziko wapi. Nikamwonyesha kabati. Akayageuzageuza yale makopo yasiyo na maandishi, akayarudisha taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

Kanisani kwao walikuwa wamefundishwa kwamba mgonjwa awe na mtu wa kumsimamia dawa, na saa isibadilike. Mama akachagua saa mbili. Kila asubuhi alikuja na kidonge kiganjani na maji kwenye kikombe cha bati, na kabla ya kunipa alipiga funda moja yeye mwenyewe. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hana baya na wewe. Lakini hiyo ni pombe ya ndizi, si maji ya bomba. Kwa miezi miwili kikombe kilinifikia kimepungua funda moja. Mtori nao aliuonja kwa kijiko changu hichohicho.

Miguu ikaanza kuwasha na kuchoma, kama nimekanyaga upupu. Daktari akasema ni dalili njema. Mimi niliona usumbufu tu.

Asubuhi moja nilichoka, nikamwambia aache kuonja, maji ni maji. Mama akakaa kwenye stuli. Kaka yangu alifia mikononi mwake kabla dawa hazijafika huku, na hilo tulikuwa hatulizungumzi.

"Kaka yako nilimtengea kikombe," akasema. "Nilikitundika kwenye msumari wake, nje. Alikuwa anakiona. Wewe sikutengei."

Nilibaki na kidonge mkononi. Niliona aibu, aibu ya kweli, na lilikuwa jambo la kwanza kulihisi kwa muda mrefu. Semina ya kanisani ilimwambia kwamba kikombe hakiambukizi, lakini hakuamini sana. Alikuwa anaogopa kila siku saa mbili, na anakunywa. Nami nilikuwa namtazama tu.

"Mama, sina ugonjwa huo," nikamwambia. "Nilikatwa tumbo kule India, nipungue. Hizi ni vitamini."

Mtori aliokuwa ameubandika ulichemka ukamwagikia jiko. Mama hakulia, wala hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo chakula kilikuwepo?"

Nikasema kilikuwepo. Akainuka kwenda kuepua sufuria.

Nilidhani angefunga begi siku ileile. Hakufunga. Vidonge hivyo nameza mpaka leo, saa hiyohiyo, na miguu inanibeba, ingawa vidole viwili bado havijarudi. Lakini asubuhi iliyofuata maungamo yale, saa mbili kamili, Mama alikuja na kidonge na kikombe kama kawaida yake, akaninyooshea. Nilipokipokea maji yakanimwagikia mkononi. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.