Kisu cha Mashine ya Korosho

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kijana katika taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, Dar es Salaam. Tulikuwa tumeunda mashine ya kubangua korosho, nikatumwa Nachingwea kuijaribu na kikundi cha akina mama wa kijiji cha Mtua. Siku ya kwanza tu kisu chake kikavunjika. Nilipopiga simu Dar, nikaambiwa kingine kinatengenezwa, nisubiri.

Kusubiri kulinishinda. Nilikuwa naifungua mashine bila sababu, naifunga, kisha nakwenda stendi kutazama mabasi. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa Kimwera, akachoka kuniangalia.

"Mwanangu, hebu kaa!"

"Mama, nikikaa ndiyo naumwa."

"Basi nenda Ruangwa. Misheni wana karakana."

Nikadandia lori lililokuwa linakwenda huko. Bruda wa misheni aliyesimamia karakana alikata kipande cha springi ya gari bovu, tukakifua na kukinoa kwa zamu kiwe kisu. Kila mara nilitaka kukishika kabla hakijapoa.

"Utaungua, bwana! Nani anakufukuza?"

Nikacheka, nikakinyooshea mkono tena.

Kesho yake, Mtua, nilikifunga kisu hicho kwenye mashine, korosho zikaanza kudondoka, nyingi nzima, nyingine vipande. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshainama, nalegeza boliti nijue kwa nini zile zinavunjika.

"Hata hujaonja!" mwenyekiti akalalamika, akanitia korosho mdomoni. Nikaitafuna huku spana ikiwa mkononi.