Mlio Ambao Fundi Sikio Hakuusikia

Watu walimwita Fundi Sikio, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Enzi zake ungeingia gereji na gari linalonguruma, naye angekuzuia usizime injini, akainamisha kichwa, akafumba macho kwa mbwembwe, kisha akatamka: "Beringi ya gurudumu la mbele, kushoto." Wakifungua, ndiyo hiyo hiyo. Wapo waliomletea magari mazima kabisa ili yasikilizwe tu, wapate la kujisifia mtaani.

Sasa masikio yenyewe yalikuwa yamestaafu bila kumuaga mwenye jina. Nyundo na kompresa zilikuwa zimefanya kazi yao. Ukipiga kelele alisikia, lakini milio ya chini chini, ile iliyompa umaarufu, ilikuwa imemhama. Aliyejua ni mkewe peke yake, maana ndiye aliyekuwa akiita "Chakula tayari" mpaka anachoka na kwenda kumgusa bega. Fundi alijitetea kwamba alikuwa anawaza. Kwa mawazo aliyodai kuwa nayo, angekuwa ameshavumbua ndege.

Gerejini aliishi kwa ujanja. Aliweka kiganja kwenye boneti, alitazama midomo ya mteja, na alipokwama alisema, "Hilo nimelisikia tangu ulipokata kona." Mkate wa nyumba nzima ulitegemea hilo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana mwenye kompyuta ya kupimia magari, na siri ingevuja, wateja wangehamia kwake siku hiyo hiyo.

Ndipo akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye pikapu ya kusambazia mikate. Shule iliyonunua mikate yake mingi zaidi ilikuwa juu ya kilima, na mvua ikinyesha tairi moja la nyuma lilizunguka bure kwenye tope huku la pili limetulia kama mgeni rasmi. Difu ya kawaida, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, ndivyo ilivyo: nguvu inakimbilia tairi lililokosa mshiko. Shemeji alikuwa amenunua difu ya kujibana, yenye sahani ndani zinazobanana ili matairi yote mawili yavute pamoja.

Fundi aliifunga vizuri, asisingiziwe. Alichomoa ekseli, akashusha difu ya zamani, akapandisha mpya, akapima nafasi ya meno kwa subira. Aliinua nyuma kwa jeki, akazungusha tairi moja kwa mkono, na la pili likazunguka nalo upande ule ule, kama inavyotakiwa. Akajaza oili mpya. Kichupa kilichokuja ndani ya boksi la difu alikiona, akakidhania zawadi ya dukani, akamgawia fundi rangi, ambaye alikimalizia kwenye bawaba za geti.

Kesho yake shemeji alirudi amekunja uso.

"Shemeji, kilima inapanda safi. Lakini nikikata kona, nyuma inakoroma. Kama mtu anaburuta kitanda."

Wakaingia garini, wakazunguka mtaa. Kila kona pikapu ilikoroma mpaka wapita njia wakageuka. Fundi alitazama mbele, uso mkavu.

"Mimi sisikii kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa amesema kweli tupu.

Gerejini kesi ikapokelewa na wataalamu wa benchi, wale walioshinda wamekaa mlangoni wakitoa maoni. Fundi rangi, ambaye mlio ule aliusikia akiwa ndani ya kibanda chake na redio imewashwa, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Kaka, kama Sikio hajausikia, haupo."

"Si umeusikia na wewe?"

"Mimi nimesikia. Lakini mimi ni fundi rangi."

Hoja hiyo haikuwa na pa kushikwa. Mwingine alishauri kwamba watu wanaoamka alfajiri kupakia mikate huwa wanapatwa na vitu masikioni. Jioni ile shemeji alikuwa ameanza kujitilia shaka, na kesho yake alikwenda hospitali kupimwa masikio. Akaambiwa ni mazima kama ya mtoto. Alitoka pale na hofu zaidi, kwani sasa kilichobaki ni kichwa.

Alikwenda kumlilia dada yake, yaani mke wa fundi. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamtuliza kwa chai, na alipoondoka tu akamgeukia mumewe.

"Umemfanya kaka yangu ajione mwendawazimu. Kesho naingia kwenye hilo gari na wewe."

Walikubaliana ishara. Fundi angeendesha, mke angekaa kando yake, na kila pikapu ikikoroma angempiga kofi dogo gotini. Mzunguko wa kwanza goti liliwaka moto. Fundi akagundua kwamba makofi yanakuja kwenye kona tu, si kwenye njia iliyonyooka, na akili yake, ambayo haikuwahi kuwa na kasoro, ikafanya kazi: sahani zinang'ang'aniana badala ya kuteleza. Zinataka dawa yake kwenye oili. Akakumbuka kichupa.

Alinunua kingine kimya kimya, akamwaga oili, akatia mpya pamoja na dawa. Kisha wakaenda kwenye uwanja mtupu wakaanza kuandika namba nane kwa magurudumu, taratibu, ili dawa iingie kati ya sahani. Makofi yakapungua. Yakawa moja moja. Yakakoma.

Shemeji alifurahi mpaka akalengwa na machozi. Mtaa nao ulikuwa umeona pikapu ikizungushwa uwanjani, mama kakaa mbele kama mkaguzi, na ukatoa hukumu yake: Fundi Sikio anaendeshwa na mkewe, siku hizi hata majaribio ya gari hafanyi bila kulindwa. Mke wakamwita Askari.

"Wewe umebaki na jina lako," alimwambia mumewe akikaribia sikio. "La kwangu ndilo hilo."

Fundi aliona haya, haya ya kweli. Asubuhi alisimama mbele ya benchi, shemeji akiwepo, mkewe kando yake.

"Sikilizeni. Mimi sisikii vizuri, ni muda sasa. Ule mlio ulikuwepo. Kosa lilikuwa langu, na aliyeusikia ni huyu mke wangu."

Benchi likapasuka kwa kicheko. Fundi rangi alishika mbavu.

"Mnaona mtu mkubwa? Anajishusha ili shemeji yake asione aibu. Na mke naye kapewa sifa, nyumbani kuwe na amani."

Shemeji, macho yamemlowa tena, alimkumbatia. Maneno hayakumfikia fundi. Aliona meno tu na mabega yanayotikisika, akamgeukia mkewe kwa wasiwasi.

"Wanasemaje?"

Mkewe aliwatazama wote mmoja mmoja, kwa hasira na uchovu. Kisha akamtazama yeye, aliyekuwa anamsubiri kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Wanasema wamekusikia," alimwambia.

Fundi alishusha pumzi. Getini mteja alikuwa ameingia na gari linalonguruma, hajazima injini. Mkewe alijifunga kanga vizuri, akafungua mlango wa mbele wa gari hilo, akakaa kando ya kiti cha dereva.