Landrova ya Mwanaidi

Hafidhi alipokuwa na kazi, marafiki zake tulikuwa wengi. Alipoachishwa nikabaki mimi, na nilibaki kwa sababu mimi na yeye tuliachishwa siku moja. Yeye alikuwa fundi wa magari katika kiwanda cha mbao cha serikali huku juu Magamba, mimi dereva wa lori la magogo. Wakati wa ubinafsishaji walikuja watu wa kukagua mali, wakakagua mpaka vipini vya mashoka, halafu geti likafungwa kwa mnyororo. Tukaambiwa tunaweza kuchukua chuma chakavu kilicholala nyuma ya karakana, kila mtu na atakachoweza kukiondoa. Watu wakachukua mabati, mimi nikachukua pipa la maji. Hafidhi akachukua Landrova.

Nasema Landrova kwa heshima ya marehemu. Lilikuwa fupa la gari, halina injini, halina milango, na mti ulikuwa umeota pale penye rejeta ukatokeza juu ya boneti. Tuliukata mti, tukalifunga kamba, tukalivuta mpaka uani kwake tukiwa kundi zima la wanaume, na jioni ile kijiji kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka. Yeye alinawa mikono, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Shamba ni la ukoo, Timotheo. Nikifa linarudi kwa mdogo wangu Selemani, na sina ugomvi na hilo, ndivyo tulivyolikuta. Lakini gari halina ukoo. Hili nalitengeneza mwenyewe, nampa mwanangu."

Mwanawe alikuwa mmoja tu, Mwanaidi, wakati ule ana miaka kumi na sita. Alimaliza darasa la saba, akawa analima kabichi na karoti na mama yake kwenye shamba hilohilo la ukoo, juu kwenye barabara ya kwenda Shume. Masika yakishika, hakuna basi linalopanda huko. Wanawake wanashuka na mizigo kichwani, utelezi unawaangusha, na kabichi zisizobebeka zinaozea shambani. Wachuuzi wa Mombo wenye magari wakija, wanakuja wakijua kwamba huna pa kwenda. Kwa hiyo nilimwelewa. Ila nilimuuliza kama ana akili timamu, kumpa binti wa miaka kumi na sita gari la kupanda milima.

"Na wewe una lori la kumpa?" akaniuliza.

Kazi ilichukua miaka miwili. Miaka ile maduka ya vipuri yalikuwa yamefumuka kila mahali, Mombo, Korogwe, Tanga, kila kitu kimo ndani ya boksi la rangi. Hafidhi hakuyaamini maboksi. Alisema zamani tulikosa breki, sasa tunazo nyingi za kuvunjika. Springi alizitoa kwenye tela bovu la magogo, akaziongeza mapande mpaka gari likasimama juu, tumbo lisiguse mawe. Injini ilikuwa ya dizeli, ya Kijapani, ya kibasi kilichopinduka. Mwenye kibasi alimpa baada ya Hafidhi kumtengenezea magari yake mengine msimu mzima. Kuifunga injini ya Mjapani kwenye gia boksi ya Mwingereza ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Bodi ya nyuma aliipiga kwa vipande vya mkulo, mti wetu wenye harufu ya kafuri, alivyokuwa ameviweka darini tangu enzi za kiwanda, na kwa miezi mingi ua wote ulinukia mti ule.

Na Mwanaidi alikuwa humo ndani ya kazi, tangu bolti ya kwanza. Akitoka shambani anavaa ovaroli la baba yake, analala chini ya gari mpaka magharibi. Nilikuwa nikifika naona miguu tu.

"Onga makeo," namwambia kumtania, salamu ya Kisambaa ya asubuhi, hata kama ni jioni.

"Shikamoo, baba Timotheo," anajibu kutoka huko chini. "Nipe spana ya kumi na saba."

Mama yake alilalamika kwamba binti ananuka oili na hakuna atakayemposa. Mwanaidi alijibu kwamba atakayekuja kuposa atapandishwa nyuma pamoja na karoti. Tulicheka sana siku ile, na nakumbuka vizuri kwa sababu hatukucheka mara nyingi baada ya hapo.

Sasa niseme habari ya ufunguo, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Zamani, kiwandani, mkubwa mmoja alimharakisha Hafidhi atoe lori lililokuwa kwenye matengenezo ya breki. Hafidhi akasema bado kidogo. Mkubwa akasema kidogo si kitu. Hafidhi akatoa ufunguo. Lori lilifika kona za Soni, likaenda bondeni, na utingo wetu akafa, kijana wa watu. Hakuna aliyemlaumu Hafidhi kwa mdomo. Yeye alijilaumu kwa miaka yote iliyofuata, na tangu siku hiyo akawa na sheria yake ambayo madereva wote tuliijua. Alikuwa akitwambia hivi: ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, gari ni langu na kasoro zake ni zangu; nikiutia mkononi mwako, nimekupa lote. Na hakuutia mkononi mwako kama kuna hata nati moja anayoitilia shaka. Hata ungepiga magoti.

Landrova ilipowaka mara ya kwanza, watoto wa mtaa mzima walikimbilia porini kwa mlio wake. Akamfundisha Mwanaidi kuendesha, yeye ameketi pembeni, mpaka binti akapanda nayo njia za magogo ambazo mimi na lori langu nilikuwa nikizipita nikisali. Akapata leseni alipofika miaka kumi na minane. Wakaanza kushusha kabichi Lushoto, zao na za majirani, mvua au jua. Lakini kila jioni, gari likiingia uani, Mwanaidi anazima injini, anachomoa ufunguo, na baba yake ananyoosha mkono. Binti anaweka ufunguo kwenye kiganja, mzee anautia mfuko wa koti. Nililiona hilo mara nyingi mpaka likanikera.

"Mpe mtoto gari lake," nilimwambia.

"Bado. Difu la nyuma linalia."

Akalitengeneza difu. Nikamuuliza tena. Bado, mlango wa kulia haufungi vizuri. Akaurekebisha. Bado, taa. Mke wake naye akamwambia, "Baba Mwanaidi, mpe mtoto ufunguo, mbona unamfanya kibarua wako?" Akaapa kwamba gari ni la Mwanaidi, nani asiyejua, kijiji kizima kinaita Landrova ya Mwanaidi. Kimebaki kitu kimoja tu. Waipa ya upande wa kushoto ilikuwa haifanyi kazi, na alikuwa anatafuta mota yake, ya zamani, si ya boksi.

Waipa ya abiria. Mpaka leo nikikumbuka nataka kumfufua nigombane naye.

Kifua alikuwa nacho siku nyingi, sisi tuliofanya kazi kwenye vumbi la mbao tunacho sote. Masika ya mwaka ule kikambana. Asubuhi moja, mvua inamwagika, nikasikia Landrova inasimama mlangoni kwangu. Mwanaidi alikuwa kwenye usukani na Hafidhi amejiinamia kiti cha katikati, midomo imegeuka rangi. "Baba Timotheo, njoo umshike," akasema. "Mama nimemwacha, hana nguvu ya kumshika."

Nikapanda, nikamshika. Barabara ya kushuka Lushoto ilikuwa imemeguka sehemu moja, na basi la asubuhi limesimama hapo, abiria wamejifunika kanga na mifuko. Mwanaidi hakusimama. Alitia gia ya kazi, akaingia shambani kwa mtu, akapita kwenye matuta na mfereji, matope yakifika juu ya boneti, akatokea chini ya ule mmeguko. Hafidhi alikuwa anausikiliza mlio wa injini. Macho amefumba, anapumua kwa shida, na bado anasikiliza. "Usiikanyage," alisema mara moja tu. Upande wangu wa kioo sikuona kitu kwa mvua. Upande wa Mwanaidi waipa ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, na wa kuona njia alikuwa yeye.

Tulifika hospitali. Akazima injini, akachomoa ufunguo. Wahudumu walikuwa wanakuja na machela. Na Hafidhi, ambaye hata kichwa hakuweza kukiinua, akanyoosha mkono.

Mwanaidi akamtazama. Kisha akaweka ufunguo kwenye kiganja, kama kila jioni.

"Umeleta vizuri, mwanangu," akasema. "Ile waipa tu." Akautia mfukoni. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, na nguo zake akakabidhiwa Selemani, kwa kuwa ndiye ndugu mwanamume aliyekuwepo. Koti lilikuwa kwenye nguo hizo.

Baada ya arobaini wakakaa kugawa. Nilialikwa, ingawa mimi ni Mlutheri na mirathi yao hainihusu, kwa sababu wote walijua nilivyokuwa na marehemu. Nataka niwe mkweli kuhusu Selemani: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto nyumba nzima, na kiwanda cha chai alichokitegemea kule Mponde kilikuwa kinasuasua. Alisema kwa adabu kwamba nyumba abaki nayo mjane, hataigusa. Shamba tulijua linakokwenda. Likabaki gari, ambalo siku ya msiba Mwanaidi aliliwasha kwa kuunganisha nyaya akalirudisha uani.

Sheikh aliyekuja kusimamia alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza. Mama Mwanaidi akasema gari marehemu alishampa mwanawe. Mimi nikasema hivyohivyo, kwamba tangu siku tulipolivuta kwa kamba alitamka ni la mtoto, na kijiji kizima ni shahidi. Selemani mwenyewe akakubali kwamba hata yeye alilisikia.

"Kutamka ametamka," sheikh akasema. "Hilo halina ubishi. Lakini zawadi ya mtu aliye hai haitimii mpaka aikabidhi. Binti angekuwa mtoto mdogo, baba angemshikia, isingekuwa na neno. Huyu ni mtu mzima." Akamgeukia Mwanaidi. "Mwanangu, nijibu wewe. Baba yako aliwahi kukupa ufunguo ukakaa nao, ukalala kwako?"

Mvua ilikuwa imekatika, bati linadondosha. Nilimtazama Mwanaidi nikimwomba moyoni aseme ndiyo. Wote tulimwomba, mama yake alikuwa ameshika upindo wa kanga ya binti. Ningeapa pamoja naye, na Mungu wangu tungeelewana baadaye. Siku ile ya hospitali tulikuwa watatu tu garini. Mmoja yuko kaburini, na wa pili ni mimi.

"Siku uliyompeleka hospitali," sheikh akaongeza, naye nadhani alikuwa anamtafutia mlango, "ulipofika, ufunguo ulibaki kwa nani?"

"Alininyooshea mkono," Mwanaidi akasema. "Nikampa."

"Hakukwambia kaa nao?"

"Hapana. Alisema bado waipa."

Sheikh akainamisha kichwa. Kisha akasema gari ni mali ya marehemu na litagawanywa kwa mafungu kama mali nyingine. Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira na sheikh, ambaye hakukosea. Nilikuwa na hasira na binti, aliyesema kweli. Na nilikuwa na hasira zaidi na yule bwana aliyelala chini ya udongo, ambaye alijua kuinua gari lipite popote na hakujua kufungua kiganja.

Mwanaidi alikuwa na fungu lake, kubwa kuliko la Selemani. Lakini gari haligawanyiki, naye hakuwa na cha kumlipa baba yake mdogo ili abaki nalo zima. Wakatafuta mnunuzi. Watu walikuja, wakatazama chini, wakaona springi za tela na injini ya kibasi na nyaya alizozipitisha Hafidhi kwa akili yake mwenyewe, wakasema gari hili likiharibika hakuna fundi atakayelijua. Mchuuzi mmoja wa Mombo akataka injini peke yake. Mwingine akataka gia boksi na maekseli. Ikaamuliwa lifunguliwe.

Wakaleta fundi kutoka Lushoto, akahangaika siku nzima asijue pa kuanzia. Mwanaidi akavaa ovaroli. Akalala chini ya gari, akaanza na bolti alizozikaza mwenyewe, akazipanga kwenye sufuria moja moja ili zisichanganyike, kazi ya bure, maana hakuna atakayezifunga tena. Mimi nilimpa spana. Mbao za mkulo alinunua seremala.

Siku walipopakia injini, Selemani alikuwa anajipekua akitafuta kiberiti, akakuta ufunguo kwenye mfuko wa koti la kaka yake, ambalo sasa alilivaa yeye. Akautazama. Hakuwa na kitu kingine cha kuufanyia.

"Mwanangu," akaita, "njoo. Huu chukua, wa kwako."

Mwanaidi akajifuta mikono kwenye ovaroli, akasogea, akaupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba mdogo," akasema. Halafu akajitwisha kapu la karoti, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya soko, akashika njia ya Lushoto kwa miguu.