Ndiyo Mbele, Hapana Nyuma

Mpiga chapa hakukalika wiki ile. Akiketi anasimama, akisimama anakwenda kuchungulia dirishani, chai yake inapoa mezani. Zilibaki siku nne watu wapige kura ya katiba mpya, na mama wa watu roho juu juu.

Alikuwa na sababu. Rasimu ilimruhusu mama kumpa mtoto uraia wake; sheria ya zamani ilimtambua baba tu. Na baba wa binti yake, mgeni wa nchi nyingine aliyekuja kuuza vipuri, aliondoka kabla mtoto hajaota meno. Sasa binti ana miaka kumi na tisa, chuo kimemwita, kitambulisho hana. Rasimu isipopita, nafasi ndiyo imekwenda na maji.

Kaka wa mpiga chapa, fundi bomba, alikuwa kinara wa Hapana mtaani. Tusimwonee, hakuwa mjinga. Ibara ya ardhi ilimnyima usingizi: serikali ingeweza kuchukua kiwanja cha mtu na kumlipa itakapojisikia.

"Nyumba ya mama ikibomolewa, tutamlaza juu ya rasimu?" alizoea kuuliza.

Kazi ni kazi. Dada mtu alichapa vipeperushi vya Ndiyo asubuhi, na mchana akaanza vya Hapana, shingo upande. Ila akili haikuwepo. Karatasi za Ndiyo, zilizokuwa zimeanikwa zikauke, alizilaza kwenye trei kifudifudi akidhani ni nyeupe, akazichapa Hapana mgongoni. Elfu moja nzima! Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza angeona haya.

Kaka alipofuata mzigo wake akageuza karatasi moja, macho yakamtoka pima.

"Dada, ndiyo nini hii? Unanichezea?"

"Nisamehe, kaka. Nitarudia zote."

Alifungua mdomo afoke, kisha akaanza kusoma ule upande ambao hajawahi kuusoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hii ya uraia wa mama imo kweli?"

"Imo. Nimekwambia mara ngapi?"

"Nilidhani mnatia chumvi." Akajikuna kisogo. "Lakini tukiikataa wataandika upya. Hiyo wataiacha, ya ardhi wataitoa. Miaka miwili, mitatu hivi."

"Na chuo kitamsubiri?"

Kaka mtu akairudisha karatasi kwenye mzigo. Binti mwenyewe alikuwa pale pale, anafunga karatasi kwa kamba. Basi kwa mazoea ya wiki nzima ya kugonga milango ya watu, mjomba akamgeukia:

"Haya, na wewe mwanangu, utapiga ipi?"

Binti akakaza fundo kwanza.

"Mimi sipigi, mjomba. Sina kitambulisho."

Mjomba alilijua hilo siku zote. Ndiye aliyembeba binti huyu mgongoni alipokuwa mdogo, ofisi moja hadi nyingine, akimtafutia uraia, wakamkataa kote.